Kwa nini breki hushindwa mteremkoni, na jinsi injini inavyoweza kuokoa maisha

“BREKI zilifeli.” Hayo ndiyo maelezo yanayosikika mara kwa mara baada ya lori au basi kuacha njia kwenye mteremko mrefu. Lakini breki inaweza kuwa nzima kabisa juu ya mlima na ikashindwa kabla gari halijafika chini, kwa sababu tu dereva aliitumia yenyewe bila msaada wa injini.

Mfano wa miteremko ya aina hiyo ni Mlima Kitonga mkoani Iringa, katika barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na Tunduma. Malori yanayobeba shaba kutoka Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam huushuka mlima huo yakiwa na shehena kamili.

Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo kuwa joto. Dereva anapokanyaga pedali, vipande vigumu vya msuguano huibana diski au ngoma inayozunguka pamoja na gurudumu. Katika magari madogo nguvu ya mguu hupelekwa na mafuta ya breki, na katika malori na mabasi makubwa hupelekwa na upepo uliobanwa.

Joto hilo si dogo. Lori lenye uzito wa tani 30 likishuka kimo cha mita 300 kwa breki pekee, huzalisha joto linaloweza kuchemsha pipa la maji la lita 200 na kubaki. Mwendo nao huongeza hatari: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kuzuiwa huongezeka mara nne.

Vipande vya msuguano vikipata joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Ngoma nayo hutanuka na kujitenga navyo, hivyo dereva hulazimika kukanyaga zaidi huku akipata matokeo madogo zaidi.

Kwa magari madogo kuna hatari nyingine. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri muda unavyopita. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishaingia unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedali huzama hadi chini bila gari kupunguza mwendo.

Hapo ndipo umuhimu wa injini unapoonekana. Gari likiwa kwenye gia ndogo na dereva akaondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Pistoni hutumia nguvu kuvuta na kubana hewa, na nguvu hiyo hutolewa kwenye mwendo wa gari. Malori mengi ya dizeli huongezewa kifaa kinachoziba kwa muda bomba la moshi ili kuzidisha ukinzani huo.

Wapo madereva wanaotoa gia na kuliacha gari liteleze, kwa imani kwamba wanaokoa mafuta. Imani hiyo si sahihi. Katika injini za kisasa, gari likishuka ndani ya gia bila kukanyagiwa mafuta, mfumo wa injini hukata mafuta. Likiwa nje ya gia, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike.

Kuzima injini ni hatari zaidi. Msaada unaoifanya pedali iwe nyepesi huisha baada ya kukanyaga mara chache, usukani huwa mzito, na ufunguo ukichomolewa usukani unaweza kujifunga.

Kanuni ya madereva wazoefu ni kushuka kwa gia ambayo gari lingehitaji kuupandia mlima huo, au ndogo zaidi. Gia hiyo huingizwa kabla ya mteremko kuanza, kwani gari likishachanganya mwendo gia inaweza kukataa kuingia. Kwenye gari la gia za kujiendesha, dereva huchagua alama ya L au 2.

Breki hukanyagwa kwa uthabiti mpaka mwendo upungue, kisha huachiwa ili zipoe, badala ya kuwekewa mguu mlima mzima.

Harufu ya kuungua, moshi kwenye magurudumu au pedali inayozidi kuzama ni dalili za kusimama mara moja mahali salama na kuziacha breki zipoe. Kuzimwagia maji si suluhisho, kwani chuma chenye moto kinaweza kupasuka.

Abiria naye ana nafasi yake. Akinusa harufu hiyo basi likiwa mlimani, amwambie dereva au kondakta mapema, wakati bado kuna mahali pa kusimama.