Kabla ya kununua kamera ya ulinzi, pima kwanza mita za uani kwako

SAA tisa usiku, mwezi Julai mwaka 2024, mtu aliingia uani kwa mama yangu mdogo pale Ujiji na kubeba madumu sita ya mawese. Dumu la lita 20 halibebwi mawili mawili kimya kimya, kwa hiyo alitoka na kurudi mara sita. Kamera iliyokuwa imefungwa juu ya paa ilimwona safari zote.

Asubuhi mama mdogo alinipigia simu akiwa na furaha ya ajabu kwa mtu aliyeibiwa. "Mwanangu, mwizi tunaye. Yumo kwenye simu."

Nilipofika nilikuta picha imekwisha kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ilionyesha mtu mwenye kofia na shati jeupe, na uso wake ulikuwa kama doa la maziwa. Saa mbili baadaye kundi likawa limeshaamua: ni kijana fulani wa jirani, baharia wa mtumbwi wa dagaa. Ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka huo kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, kwa hiyo kijana alikuwa hana kazi, na alikuwa na shati jeupe. Watu wakaanza kukusanyika mlangoni kwao. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyesimama katikati na kumpeleka kituoni kwa usalama wake. Polisi walimwachia siku ile ile, kwa sababu kulikuwa na watu wa kutosha waliojua alikolala usiku huo.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya shati lile jeupe. Siku hizi kamera za nje zisizo na waya zinauzwa hadi kwenye maduka ya vifaa vya simu pale Mwanga, na wafanyabiashara wa Kibirizi, Katonga na Gungu wameanza kuniuliza ipi ni nzuri. Mimi ni mchumi wa kilimo, si fundi umeme. Lakini swali la kununua kifaa ni swali la hesabu, na hesabu za kamera hazifichiki ukizitaka.

Uso wa nukta kumi na moja

Boksi la kamera ya mama mdogo liliandikwa "Full HD", na duka halikudanganya. Picha ya aina hiyo ina nukta 1,920 kutoka kushoto kwenda kulia. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza dukani ni kwamba nukta hizo zinagawanywa kwa mita ngapi.

Lenzi nyingi za bei nafuu ni za milimita 2.8. Hizi huona eneo pana, ndiyo maana zinapendeza dukani. Mita 14 kutoka kwenye kamera, ambapo ndipo ulipo mlango wa stoo ya mama mdogo, lenzi hiyo inaona upana wa takriban mita 27. Gawanya 1,920 kwa 27, unapata nukta 71 kwa kila mita. Uso wa binadamu una upana wa sentimita 15 hivi. Maana yake uso wa mwizi ulipata nukta 11 tu. Hata mama yake mzazi asingemtambua.

Viwango vya kimataifa vya kazi hii vinataka nukta 250 kwa mita ili mtu usiyemjua aweze kutambuliwa bila shaka. Kwa kamera ile ile, nukta hizo zinapatikana mtu akiwa umbali wa mita nne. Lenzi ya milimita 4 inakufikisha mita tano na nusu hivi, lakini inaona eneo jembamba zaidi. Kamera ya megapikseli 8, inayoitwa 4K, ina nukta mara mbili kwa upana, kwa hiyo umbali nao unakuwa mara mbili, mchana. Usiku nukta zikiwa ndogo hupata mwanga kidogo na picha hujaa chenga, na bando nalo linaongezeka.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani chukua futi kamba. Usipime ukubwa wa uwanja, pima njia. Kila uwanja una mahali ambapo mtu hana budi kupita: geti, mlango wa stoo, kichochoro kati ya ukuta na choo. Kamera ya kawaida ikiwekwa mita tatu au nne kutoka hapo, kwa urefu wa mita mbili na nusu hivi, inafanya kazi kuliko kamera ya gharama iliyo kileleni mwa paa. Kamera ya juu sana huona kofia.

Shati nalo? Usiku kamera nyingi huwasha taa za miale isiyoonekana kwa macho, na picha inakuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Miale hiyo haifuati rangi tunazoziona sisi. Vitambaa vingi vyeusi au vya bluu huirudisha kwa wingi, na vikaonekana vyeupe kabisa. Nilijaribu mwenyewe jioni ile: nilivaa fulana yangu nyeusi nikasimama mlangoni pa stoo, na kwenye simu ya mama mdogo nikaonekana nimevaa nyeupe. Yeye akanyamaza. Kisha akachukua khanga akatoka kwenda kwa jirani, na hakuniambia walichozungumza.

Ukitaka rangi ya kweli usiku, weka taa. Taa ya sola yenye kihisi, inayowaka mtu akipita, inasaidia kamera, na wakati mwingine inamfukuza mwizi kabla kamera haijahitajika. Kama una fedha ya kununua kimoja tu, mimi ningeanza na taa na kufuli zuri.

"Haina waya" maana yake nini

Hapa wengi wanaliwa. Neno hilo linahusu picha, si umeme. Kamera ya kwanza ni ile inayorusha picha kwa waifai lakini inachomekwa kwenye umeme, kwa hiyo waya upo. Ya pili inatumia laini ya simu badala ya waifai. Ya tatu ina betri yake ndani, na mara nyingi kipande cha paneli ya sola.

Mkoa wetu ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, tukiishi kwa jenereta za dizeli, na kila mwenye friji ya samaki anakumbuka hasara ya miaka hiyo. Kamera ya kuchomeka hufa umeme ukikatika, na giza ndilo mwizi analolisubiri. Ukiichagua, nunua na betri ndogo ya akiba itakayobeba kamera pamoja na kifaa cha waifai. Vyote viwili vinakula kama wati 15, yaani karibu unit 11 kwa mwezi. Si nyingi, lakini bei za umeme zilizopangwa mwaka 2016 zilimpa nafuu mteja mdogo asiyezidi unit 75 kwa mwezi. Anayetumia 68 sasa anaweza kuvuka mstari kwa sababu ya kamera, na hapo bei ya kila unit inabadilika.

Kamera ya betri huwa imelala, na inaamka inapohisi joto la mwili likipita mbele yake. Kuamka kunachukua muda kidogo, na mtu anayepita haraka huonekana mgongo. Boksi likisema betri inakaa miezi mitatu, wamehesabu nyumba tulivu. Ukiielekeza kwenye barabara ya kwenda sokoni, ambako watu, mbuzi na bodaboda wanapita kutwa, itaisha kwa siku chache. Paneli yake iwe mahali pasipo na kivuli cha michikichi. Huku kwetu, nyuzi tano kusini mwa ikweta, paneli inalazwa karibu bapa, ikiinama kidogo kuelekea kaskazini ili mvua ioshe vumbi. Kuanzia Novemba mawingu yanapokaa, tarajia kuichaji mwenyewe mara moja moja.

Faida moja ya betri na sola haitajwi madukani. Kigoma ni mkoa wa radi. Radi ikipiga nguzo ya jirani, umeme wake unasafiri kwenye nyaya na kuunguza kila kilichochomekwa. Kamera isiyo na waya wowote wa kuja ndani, hata ikiungua, inaungua peke yake.

Angalia pia herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Kwa mvua zetu na vumbi jekundu la kiangazi, usishuke chini ya IP65. Na buibui hawasomi boksi: utando mbele ya lenzi unang'aa usiku kama pazia, kwa hiyo kitambaa kipite pale kila wiki.

Bando na kadi

Kamera ikirusha picha mfululizo kwa kasi ndogo ya megabiti moja kwa sekunde, inakula GB 10.8 kwa siku. Hakuna muuza dagaa atakayelipia hiyo. Lakini ikipangwa kutuma vipande vya sekunde 15 pale tu mtu anapopita, mara 20 kwa siku, ni chini ya MB 40 kwa siku, kama GB 1.1 kwa mwezi. Tofauti hiyo inapatikana kwa kubonyeza kipengele kimoja kwenye programu ya simu, nacho mara nyingi kinakuja kimefungwa.

Picha nyingine zibaki kwenye memori kadi ndani ya kamera. Kwa kasi ile ile, kadi ya GB 64 inahifadhi siku tano hadi sita kabla haijaanza kufuta za zamani. Ubaya wake ni kwamba mwizi akiondoka na kamera, ameondoka na ushahidi. Ndiyo maana vile vipande vidogo vitumwe kwenye simu.

Kwa kamera ya laini, isajili laini hiyo kwa alama za vidole zako mwenyewe, si za fundi. Kwa ndugu zetu wa Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, zima kipengele cha kutumia mitandao ya nje, maana laini inaweza kuhamia ng'ambo na kumaliza salio usiku mmoja.

Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe kabla fundi hajashuka ngazini. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vifaa vya waifai duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, na Uingereza tangu Aprili 2024 imepiga marufuku kuuza vifaa vya namna hiyo vyenye neno la siri la kukisika. Huku bado ni kazi ya mnunuzi.

Mbele ya polisi, mbele ya jirani

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu picha ya namna hii kupokelewa mahakamani, lakini hakimu atapima ilivyorekodiwa na ilivyotunzwa. Saa ya kamera iwe sahihi. Kipande kisikatwe wala kupambwa. Kadi itolewe, ikabidhiwe polisi, na uandikishe siku na saa uliyoikabidhi. Isianzie kwenye kundi la WhatsApp. Kilichotokea Ujiji kingeweza kwisha kwa tairi na petroli, na hakuna dumu la mawese lenye thamani hiyo.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya mtu ni taarifa yake. Kwa nyumba zetu zilizobanana, ambazo bafu la jirani liko uani na halina paa, lenzi iliyogeuzwa vibaya ni ugomvi wa ukoo mzima. Mwite jirani aangalie mwenyewe kwenye simu yako kamera inaona wapi.

Je, inalipa?

Tuseme, kwa mfano, kamera, kadi na fundi vimekugharimu shilingi 240,000 na vitadumu miaka mitatu. Hiyo ni 6,700 kwa mwezi, ongeza bando. Weka pembeni thamani ya mali inayolala nje usiku, kwa bei ya leo sokoni kwako. Mwenye magunia ya dagaa wakavu, taa na betri za sola za mtumbwi, au injini, hana haja ya kufikiri mara mbili. Mwenye madumu mawili anunue kufuli. Na wale wa Kibirizi wanaopanga stoo moja watu wanne, kamera moja mlangoni inawatosha, ilimradi wakubaliane mapema nani anashika simu. Wakati wa giza la mwezi, wanaume wakiwa ziwani na nyumba zimebaki na kina mama, simu hiyo ikae nchi kavu.

Mama mdogo alinunua nyingine mwezi Septemba, ya betri, tukaifunga mita tatu na nusu kutoka getini. Nikipita naonekana hadi kovu la kidevuni. Madumu hayajapatikana, na kijana yule mpaka leo hupita njia ya nyuma. Kamera ya zamani ameiacha pale pale juu ya paa, haina umeme. Anasema wezi hawajui kama imekufa.