MITA YA STIMA NI MWALIMU

Juma moja kabla ya mtihani wa muhula wa pili, stima ilitupotea nyumbani saa mbili usiku. Tokeni tulikuwa tumenunua siku tatu tu zilizopita! Mama alimshuku jirani kuwa ametuunganishia waya kisiri. Jirani akanuna. Mimi nikasoma kwa mshumaa, macho yakiniwasha.

Kesho yake niliamua kuichunguza mita yenyewe. Mita huhesabu yuniti. Yuniti moja ni wati 1000 zikitumika kwa saa moja. Balbu ya wati 10 huchukua saa 100 kuimaliza. Lakini jiko letu la koili ni la wati 1500. Tukichemsha maharagwe kwa saa tatu, yuniti 4 na nusu zimekwenda! Kumbe mwizi tulikuwa naye jikoni. Mama alimwendea jirani, akamwomba radhi.

Sasa, ndugu msomaji, kuna mita iitwayo mita erevu. Hii haingoji mtu aje kuisoma. Hutuma hesabu yenyewe kwa kampuni ya umeme, mara nyingi kupitia mtandao wa simu, na hueleza ni saa ngapi umeme ulitumika. Italia ilianza kufunga mamilioni ya mita za namna hii mwaka 2001.

Je, jambo hili lahusu mazingira vipi? Hapa Kenya, umeme mwingi hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Hauna moshi wa kutisha. Lakini jioni kila nyumba huwasha taa, runinga na pasi kwa pamoja. Mahitaji yakizidi, mitambo ya mafuta huwashwa, nayo hutoa moshi na gharama yake ni kubwa. Usiku wa manane, watu wakilala, mahitaji hushuka.

Ndiyo maana Desemba 2017 viwanda vikubwa vilianza kupewa nafuu ya bei kwa umeme wa ziada wanaotumia usiku. Sera kama hiyo haiwezekani bila mita inayojua saa. Vinginevyo, utamtofautishaje aliyetumia jioni na aliyengoja usiku?

Hata hivyo, mita erevu si malaika. Inaweza kufichua saa tunazolala na siku nyumba ikiwa tupu. Kwa hivyo habari zake zilindwe, jinsi Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inavyodai. Tena mita haizimi taa. Mkono ndio huzima.

Sisi nyumbani siku hizi huloweka maharagwe usiku kucha, yakaiva upesi. Nawe je, wanachama wenzangu wakikuuliza, waijua mita yenu inasema nini? Nenda ukaisome leo. Haba na haba hujaza kibaba.