Kikohozi Kisichopona: Namna ya Kungojea Majibu ya Hospitali

Inasemekana ya kwamba jina la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mtu aliyekaa huku wakati wa kiangazi, upepo unapovuma kutoka upande wa ziwa, hatashangaa kusikia hivyo. Kwa sababu hiyo mwenyeji wa Nakuru akianza kukohoa hasumbuki upesi. Husema, "Ni vumbi tu," au husema ni baridi ya alfajiri, kwa kuwa mji huu uko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kule Molo na Mau Narok baridi imezidi. Aghalabu husema kweli. Lakini majuma mawili yakapita, kisha matatu, na kikohozi kingalipo. Usiku hutokwa na jasho, au kifua humchoma anapovuta pumzi, au suruali imeanza kumpwaya kiunoni. Hapo ndipo anapokwenda hospitali. Na hapo ndipo inapoanza taabu nyingine isiyoandikwa katika cheti chake, nayo ni taabu ya kungojea.

Tumfikirie mtu kama huyo. Ametoa makohozi yake katika kikopo, amepigwa picha ya kifua, ameambiwa arudi Jumanne. Leo ni Alhamisi. Anapanda matatu kurudi kwake Bahati au Subukia, na mkewe anamwuliza, "Baba Wanjiru, wamesemaje?" Anajibu, "Hawajasema neno." Ni kweli, hawajasema, lakini moyo wake umekwisha kusema mengi. Umekwisha kumwonyesha kitanda cha hospitali, karo ya watoto isiyolipwa, na shamba lililoota magugu. Usiku analala akisikiliza kifua chake kama mlinzi asikilizaye nyayo za mwizi. Siku hizi wengine huwasha simu saa nane za usiku wakasoma habari za kila ugonjwa wa mapafu ulioko duniani, na kila wanaousoma huona wanao.

Jambo la kwanza la kumpunguzia mtu huyu mzigo ni kumweleza kwa nini anangojeshwa. Watu wengi hudhani ya kwamba madaktari wakikawia, basi wameona jambo baya nao wanalificha. Sivyo. Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo Daktari Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kuvigundua tarehe 24 Machi 1882, ni vijidudu vyenye mwendo wa kobe. Vijidudu vingi vya magonjwa mengine hugawanyika na kuwa viwili katika muda wa nusu saa hivi. Hiki cha kifua kikuu chahitaji karibu saa ishirini. Kwa hiyo maabara ikivipanda ili vikue vionekane, kama vile mkulima apandavyo mbegu katika kitalu, huenda ikapita majuma sita au manane kabla ya kusema kwa hakika kwamba havimo. Hapana mtu awezaye kuviharakisha.

Bahati njema, iko njia nyingine ya upesi. Mnamo Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine iitwayo GeneXpert, ambayo hutafuta alama ya kijidudu ndani ya makohozi na kutoa jibu katika muda wa saa mbili hivi, tena huonyesha kama kijidudu hicho kimezoea kushindana na dawa ya rifampisini. Mashine hizi sasa ziko katika hospitali nyingi za Kenya. Lakini mgonjwa akitoa makohozi katika zahanati ndogo huko mashambani, hayana budi kusafirishwa mpaka mahali mashine ilipo, na kungoja zamu yake, kisha majibu yarudi. Saa mbili za mashine huweza kuwa siku kadhaa za mgonjwa. Basi kabla hujatoka mlangoni, uliza kwa adabu: "Kipimo changu kinakwenda wapi? Majibu yatarudi siku gani? Nitapigiwa simu, au nije mwenyewe?" Mtu anayejua siku ya kurudi huweza kuihesabu, asiyejua huingoja kila saa.

Jambo la pili ni kwamba kikohozi cha muda mrefu si jina la ugonjwa mmoja. Mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha huvuta moshi miaka ishirini, na mapafu yake huchokozwa kama ya mvuta sigara. Yuko mwenye pumu ambaye hajajua kwamba ni pumu, kwa sababu hakoromi kifuani bali hukohoa tu usiku wa manane. Yuko ambaye uchachu wa tumbo humpanda kooni akilala, ukamchoma kifua na kumkohoza. Wako wanaotumia vidonge vya shinikizo la damu vya jamii ya enalaprili, na vidonge hivyo hujulikana kuwaletea watu wengine kikohozi kikavu kisichoisha mpaka daktari awabadilishie dawa. Wako pia waliofanya kazi miaka mingi penye vumbi la mawe. Hao yafaa wamweleze daktari kazi hiyo hata kama waliiacha zamani. Moyo dhaifu huleta kikohozi, na saratani ya mapafu huleta pia. Hatusemi kwamba hakuna mambo ya hatari. Twasema tu kwamba daktari anapoagiza vipimo vinne hajapata habari mbaya mara nne, bali anafunga milango mmoja mmoja mpaka ubaki ule wenye kweli.

Lakini tuseme ukweli: wengi wanaongojea huogopa kifua kikuu kuliko vyote, na hofu hii wameirithi. Babu zetu waliona watu wakidhoofika na kufa kwa sababu dawa haikuwapo. Streptomisini iligunduliwa mwaka 1943, na dawa ya isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Hata hivyo matibabu yalikuwa ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa wengi waliyaacha njiani. Ni watu wa Afrika ya Mashariki waliosaidia kuubadilisha mwendo huo. Madaktari wa nchi zetu, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, waliwapa wagonjwa wa hospitali za huku matibabu ya miezi sita wakiyalinganisha na yale ya muda mrefu, na mwaka 1972 habari zao zilipochapishwa ilionekana wazi kwamba miezi sita yaweza kutosha ikiwa dawa zimechaguliwa vema. Leo miezi sita ndiyo desturi ya ulimwengu kwa kifua kikuu cha kawaida. Katika hospitali za Serikali ya Kenya dawa hizo hutolewa bila malipo. Kwa hiyo jibu analoliogopa mtu kuliko yote ni jibu la ugonjwa unaopona, maadamu dawa zinamezwa zote mpaka mwisho. Ni ajabu kwamba habari hii, yenye umri wa nusu karne, bado haijafika katika vijiji vingi kwa nguvu ile ile ambayo hofu ilifika nayo.

Sasa tuitazame hofu yenyewe, kwa kuwa nayo ina kazi yake kifuani. Mtu mwenye wasiwasi hupumua upesi upesi, kwa sehemu ya juu ya kifua, bila kujijua. Akipumua hivyo hutoa mwilini hewa ya kaboni nyingi kuliko inavyofaa. Midomo na vidole huanza kufa ganzi, kichwa huwa chepesi, moyo hupiga mbio, na kifua hubana kana kwamba kimefungwa kamba. Naye akihisi hayo husema, "Ugonjwa umezidi," akaogopa zaidi, akapumua upesi zaidi. Si kwamba anajisingizia. Kubanwa huko ni kwa kweli. Lakini kumetoka kwenye hofu. Dawa yake ni rahisi hata mtoto aweza kuifundishwa. Keti, legeza mabega, weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua polepole ukihesabu mpaka nne, tumbo liinuke. Kisha itoe polepole zaidi, ukihesabu mpaka sita. Fanya hivyo kwa dakika tano. Usingoje mpaka hofu ikushike usiku. Jizoeze mchana, ili usiku mwili uijue njia.

Na usiku, ukiona usingizi umekataa, usilale ukipigana nao. Ondoka kitandani, ukae, uongeze mto mmoja chini ya kichwa, maana kulala chali huzidisha kikohozi cha namna nyingi. Simu iache mbali. Daftari dogo ni bora kuliko simu: andika kikohozi kilianza lini, ni kikavu au cha makohozi, rangi yake, homa, jasho, uzito, na maswali utakayomwuliza daktari. Mawazo yaliyoandikwa hayana haja ya kukumbukwa saa nane za usiku, na daktari atakushukuru.

Mwambie mtu mmoja. Si lazima kutangaza sokoni; mwambie mkeo au mumeo, ndugu, mzee wa kanisa au imamu, mtu mwenye ulimi mzito. Wanaume hasa huona aibu katika jambo hili, wakadhani kunyamaza ni kuwalinda watu wa nyumbani. Watu wa nyumbani huona mtu hali chakula na hasemi, nao hukisia mambo mabaya kuliko yaliyopo.

Endelea na kazi kadiri nguvu zinavyokuruhusu. Pombe na sigara ziache kwa siku hizi walau. Pombe hukopesha usingizi wa saa mbili na kudai riba alfajiri. Wala usinunue vidonge vya viuavijasumu dukani huku ukingojea. Baadhi yake hupunguza kikohozi kwa muda mfupi bila kukiponya kifua kikuu, na hivyo huficha ugonjwa usionekane katika vipimo. Mtu aliyefanya hivyo hujirudisha mwanzo wa kungojea.

Kuhusu jamaa, hadhari ndogo zatosha. Fungua madirisha, hata kama baridi ya Menengai yashuka. Kohoa katika kitambaa au kiwiko. Lala peke yako ikiwa nafasi ipo, hasa mbali na watoto wachanga. Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Hakisafiri kwa sahani, wala kikombe, wala kushikana mikono, kwa hiyo hapana haja ya kumtengea mtu vyombo vyake na kumfanya mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Yako mambo ambayo hayangojei Jumanne. Ukikohoa damu, ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikigeuka rangi, ukizimia, au ukipata maumivu makali ya kukandamiza kifua yanayoelekea mkono au taya, usihesabu pumzi wala kuandika daftari: nenda hospitali saa ile ile, usiku au mchana.

Siku ya majibu, nenda na mtu, kwa kuwa masikio ya mtu mmoja mwenye hofu husikia nusu ya maneno. Chukua cheti, daftari, na vidonge vyote unavyotumia. Uliza jina la ugonjwa, uliza dawa ni za muda gani, uliza ni lini utarudi tena. Ukiambiwa ni kifua kikuu, wapeleke wote mnaoishi nyumba moja wapimwe, nawe usikatae kupimwa virusi vya UKIMWI, kwa sababu magonjwa hayo mawili mara nyingi hufuatana na matibabu yake hupangwa kwa pamoja. Na ukiambiwa kwamba vijidudu havikuonekana, lakini kikohozi kingali nawe, usirudi nyumbani ukijisifu kwamba umepona. Mwambie daktari waziwazi, "Bado nakohoa," kisha umwulize ni kipimo gani kinachofuata.