Bei iandikwe: matangazo ya mtandaoni kutoka Nanyala hadi Tunduma

Kwa miaka mingi mazao yanayopakiwa kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kuanzia Nanyala, Mlowo na Vwawa hadi Tunduma, yalipita mikononi mwa dalali. Ndiye aliyemjua mnunuzi wa Dar es Salaam, ndiye aliyejua Nakonde, upande wa Zambia, wananunua kwa bei gani, na mara nyingi ndiye aliyeamua mkulima wa wilaya ya Mbozi aondoke na kiasi gani. Sehemu ya kazi hiyo sasa imehamia kwenye simu. Muuzaji anaweka picha ya mahindi kwenye status ya WhatsApp, anairusha kwenye makundi ya wafanyabiashara wa nafaka, kisha anaipeleka Facebook na TikTok. Mwishoni mwa 2024, hesabu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zilionyesha takriban laini milioni 48 za intaneti nchini. Mnunuzi basi yuko mtandaoni. Kinachokosekana ni tangazo la kumfanya apige simu.

Mengi ya matangazo hayo yanafanana: “Mahindi safi yapo, bei poa, njoo inbox.” Mnunuzi wa Tandale, Dar es Salaam, anayelisoma hajui mahindi ni kiasi gani, yako kijiji gani, yamekauka au bado, wala nani atalipa usafiri. Ili ajue inabidi aulize, angoje ajibiwe, aulize tena. Jioni hiyo hiyo anapitia matangazo mengine kibao, na yule aliyeandika kila kitu ndiye anayepigiwa. Wauzaji wanaoficha bei hujitetea kwamba wakiitaja washindani watashusha. Sikubaliani nao. Mshindani wa Mlowo anaijua bei yako kabla hujaiandika, kwa sababu mnanunua kwa wakulima walewale. Asiyeijua ni mteja.

Jambo la pili ni kipimo, na hapa ndipo biashara ya nafaka inapovuja zaidi. Wakala wa Vipimo umepambana kwa miaka na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na sheria hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Hata hivyo, neno “gunia” peke yake kwenye tangazo bado halimwambii mnunuzi lolote la uhakika. Gunia la shambani linaweza kuwa na kilele kilichoshonewa juu, na la dukani likawa limepungua. Anayeandika “kilo 100, limepimwa kwenye mizani” amemwondolea mnunuzi hofu kubwa, na amemlinda mkulima aliyekuwa akipoteza debe zima kwenye kile kilele. Picha ya gunia likiwa juu ya mizani, namba zikisomeka, inauza kuliko picha ya shamba la kijani.

Kisha kuna ubora. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na wafanyabiashara waliokuwa na mzigo njiani waliumia. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, serikali yetu kupitia NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, ilikubali kuiuzia nchi hiyo tani 650,000. Hivyo mahindi ya ukanda huu yana wateja pande zote mbili, na wanunuzi wakubwa huuliza unyevu kabla ya bei. Kikundi cha wakulima kikichanga kununua kipima unyevu kimoja, kitaandika namba ambayo jirani zao hawana.

Tufanye bei ya siku ni Sh 60,000 kwa gunia. Tangazo la muuzaji wa Nanyala lingeweza kusomeka hivi: “Mahindi meupe, magunia 80 ya kilo 100, yamepimwa kwenye mizani. Unyevu asilimia 13. Yapo Nanyala, lori linafika mlangoni. Sh 60,000 kwa gunia, kupakia ni juu yangu, usafiri ni wa mnunuzi. Bei hii ni hadi Ijumaa.” Mistari michache tu, na hakuna sifa hata moja. Mnunuzi akipiga simu atauliza jambo moja tu: yangalipo?

Kikwazo kinachobaki ni imani. Nchi iliyozoea ujumbe wa kitapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” haiwezi kumlaumu mteja kwa kusita. Jina linalotokea mteja anapolipa kwa Lipa Namba lifanane na jina la ukurasa. Picha iwe ya mzigo wenyewe, isiwe ya kuokota mtandaoni. Mzigo ukiisha, andika kwamba umeisha. Tangazo la Julai linalozunguka hadi Desemba humfanya mteja apige bure, na hatapiga tena.

Tunduma mambo yana sura nyingine. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde kizinduliwe Oktoba 2019, mawakala wa forodha, wenye malori na wabadili fedha wamekuwa wakigombea wateja ambao wengi hawaishi hapo: mwenye mzigo yuko Dar, Ndola au Lubumbashi. Huyu hanunui kitu cha kupigwa picha. Ananunua ujuzi. Wakala anayeandika “tunatoa mizigo haraka” anasema kinachosemwa na wote. Anayeeleza ni nyaraka zipi hukosekana mara nyingi, mzigo wa aina gani unahitaji kibali cha ziada, au foleni ya malori leo imefika wapi, huyo anasomwa hata na asiye na mzigo wiki hii, na siku ya mzigo anakumbukwa.

Baadhi yao, kwa kutaka kuonyesha kazi, huweka picha za hati za forodha na lori la mteja, namba zikionekana. Hili liachwe kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za mtu, na mwizi wa mizigo naye ana simu.

Kahawa ya Mbozi ina mipaka yake. Kahawa ghafi hupitia vyama vya ushirika na mnada, kwa hiyo mkulima hawezi kuitangaza kama anavyotangaza maharage. Iliyokaangwa na kufungashwa ndiyo yenye nafasi mtandaoni, na hapo jina la kijiji, aina ya mbuni na tarehe ya kukaanga vina thamani kwa mnywaji wa mjini.

Wakulima wengi hawana simu janja, na kwa walio nazo bando ni ghali. Ndiyo maana naona ajira hapa. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wa Nanyala kitakachotumia mkopo huo kununua mizani, kipima unyevu na simu moja nzuri kinaweza kuandikia wakulima matangazo, kupima mzigo na kuupiga picha, kisha kulipwa kwa kila gunia linalouzwa, kwa kiasi kilichoandikwa na kukubaliwa kabla lori halijafika.