HALIJAJA AU HALIKUJA?

Tuanzie hapa hapa kwetu Kinakomba. Umesimama kando ya barabara na mzigo wako, unamwuliza mzee mmoja, "Baba, basi la Garsen vipi?" Akikwambia "halijaja", utaketi chini ya mwembe ungoje. Akikwambia "halikuja", basi tena, beba mzigo urudi nyumbani. Silabi moja tu, nayo ndiyo inayoamua utalala wapi!

Tofauti hiyo si ya wakati bali ya hali. Wengi wetu darasani tunakariri -li- wakati uliopita, -na- uliopo, -ta- ujao, halafu -me- tunaisukumia kwa -li- ati zote zimepita. La hasha! "Basi lilikuja" huenda limeondoka kitambo. "Basi limekuja" lipo pale, kimbia ulipande. Tena -me- haijali saa: "Kesho ukija utakuta nimeondoka." Ni kesho, na bado ni -me-.

Wataalamu wengi wanasema -me- ilitokana na kitenzi cha kale -mala, ambacho bado kimo ndani ya "maliza". Kilisagika kwa kutumiwa mno hadi ikabaki silabi moja. Nguvu zake zilipopungua, watu wakaleta kitenzi kingine cha kumaliza, "kwisha": nimekwisha kula, nimeshakula, na mitaani Mombasa na humu bwenini, "nishakula". Mwalimu akiiona hiyo katika insha hupiga mstari mwekundu, na ni haki yake, maana sanifu yetu ilijengwa juu ya Kiunguja tangu mkutano wa Mombasa wa 1928. Lakini kusema eti ni uvivu wa ulimi, hapo sikubali. "Nishakula" inapita njia ile ile iliyopitwa na -me-.

Hata Wachina wameipita! Kichina cha Beijing huweka "le" baada ya kitenzi kuonyesha jambo limetimia, na "le" hiyo ilitokana na "liao", yaani kumaliza. Wa Guangzhou na Hong Kong, wasemao Kikantoni, hawaitumii hapo. Wao husema "zo". Kula ni "chi" kwa wa Beijing na "sik" kwa Wakantoni. Basi mmoja atasema "chi le" na mwingine "sik zo", na wote wameshiba.

Nasi lahaja zetu zinaachana vivyo hivyo. Chimiini cha Barawa, huko Somalia, hutia alama mwishoni mwa kitenzi: soma huwa "somele". Huo ni mwisho wa kale wa Kibantu, -ile, na mashairi ya zamani ya Lamu na Mombasa yanao: "mbwene" ni nimeona, "lele" ni amelala. Kwa hiyo ukikutana na "mbwene" katika utenzi usidhani mshairi amekosa kina akabuni neno.

Halafu kuna hii -ga inayochekwa sana, "analalaga", "anakulaga". Sanifu hutaka hulala, hula. Sawa, mtihanini andika hu-. Ila -ga nayo ni mwisho wa kale wa Kibantu wa jambo la mazoea, na lugha nyingi za bara zinao hadi leo. Kipokomo chetu ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, pamoja na Kimijikenda na Kikomoro. Likizo hii msikilize nyanya yako akisema mtoto amelala, uandike vile vile alivyotamka, utuletee chamani.