Kijiko kwa Kijiko: Kumlisha Aliyepasuliwa Umio

Mgonjwa aliyepasuliwa umio akiruhusiwa kutoka hospitali, daktari amemaliza sehemu yake kubwa, na iliyobaki inaletwa jikoni kwetu. Umio ni ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni, kupitia kifuani, hadi tumboni. Sisi wa Nshambya, kama wenzetu wengi wa Bukoba na Muleba, huzoea kusema tu "koo". Lakini koo ni mlango. Umio ndio njia yenyewe.

Ugonjwa unaowafikisha wengi kwenye upasuaji huo ni saratani. Upande huu wa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, saratani ya umio huonekana mara nyingi kuliko katika sehemu nyingi za dunia. Wapo pia wanaopasuliwa kwa sababu njia imeziba kwa makovu, wakiwemo watoto waliokunywa kostiki soda ya kutengenezea sabuni iliyoachwa katika chupa ya soda. (Chupa hiyo, mama, kaiangalie leo, kabla hujamaliza kusoma.)

Ili tujue namna ya kumlisha mgonjwa wetu, yafaa kwanza tufahamu alichofanyiwa. Mara nyingi daktari huondoa sehemu ya umio iliyoharibika, kisha hulivuta tumbo juu, akalifanya jembamba kama bomba, na kuliunganisha na kipande cha umio kilichobaki, kifuani au shingoni. Upasuaji wa namna hii umetoka mbali. Mwaka 1913 daktari Franz Torek wa New York alimwondolea mama mmoja umio wenye saratani, naye baadaye akala kwa kutumia mpira uliopita nje ya mwili, kutoka shingoni hadi tumboni. Aliishi zaidi ya miaka 10 kwa kula hivyo! Siku hizi mpira huo wa nje hauhitajiki, lakini jambo moja ni lile lile: anayebaki na ile njia mpya hali tena kama alivyokula zamani.

Lile tumbo lililokuwa mfuko sasa ni bomba. Halina nafasi ya sahani ya ebitoke na maharage kama ile tunayompakulia mwanamume atokaye kibanja. Mishipa iliyokuwa ikiliambia lijifunge na kujifungua imekatwa. Hata njaa yenyewe hupotea, hivyo mgonjwa anaweza kukaa mchana kutwa bila kuomba chochote, nasi tukadhani ameshiba. Katika miezi 6 ya kwanza wengi hupungua zaidi ya kilo 1 katika kila kilo 10 walizokuwa nazo.

Hapo ndipo huruma yetu inapokosea njia. Tunaona amekonda, tunampakulia zaidi. Mama mkwe naye anasema, "Kula mwanangu, ongeza kidogo tena." Mgonjwa anajilazimisha kwa heshima ya mama yake, kisha kifua kinambana, anatapika, na kesho yake anaiogopa sahani. Sisi tunaona heri mama mkwe aelezwe mapema na kwa adabu, tena na mwanawe mwenyewe kama inawezekana, kuliko kumwachia mke peke yake lawama ya "kumnyima mumewe chakula".

Kidogo, mara nyingi

Kwa siku chache za kwanza baada ya upasuaji mgonjwa hapewi kitu mdomoni. Wengi hulishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa ubavuni hadi kwenye utumbo, na baadhi hurudi nao nyumbani. Mpira huo una masharti yake: mikono ioshwe kwa sabuni, mgonjwa aketi au ainuliwe mgongo, na mpira usafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kabla na baada ya kila mlisho, kwa kipimo ulichoonyeshwa hospitali. Usipitishe humo uji wa nyumbani wala dawa iliyopondwa mpaka uwe umeelekezwa, kwani ukiziba, safari ni ya kurudi hospitali. Ukichomoka, funika tundu kwa kitambaa safi na uende siku hiyo hiyo, maana tundu huanza kujifunga upesi.

Akiruhusiwa kumeza, huanza na maji kwa kijiko, kisha vinywaji, kisha chakula laini, na polepole sana, kwa majuma na miezi, hurudi kwenye chakula cha kawaida. Ratiba ya daktari wake ndiyo ifuatwe, hata kama jirani yake aliyepasuliwa alikula ugali mapema zaidi.

Badala ya milo 3, sasa ni milo 6 hadi 8, kila mmoja usizidi kikombe kimoja mwanzoni. Kwa kuwa ni kidogo, kila kijiko kiwe na nguvu. Uji wa ulezi wa maji matupu hujaza bomba bila kumjenga mgonjwa. Upike kwa maziwa, utie unga wa karanga uliosagwa laini na kuchujwa. Ebitoke zinaweza kupondwa kwa mchuzi wa samaki hadi zilainike kabisa, zikatiwa kijiko cha mafuta au siagi. Sato achambuliwe miiba kwa uangalifu. Dagaa wasagwe wawe unga, upepetwe, utiwe kwenye mchuzi. Yai liive vizuri na kupondwa. Parachichi, ambalo kwetu huliwa na watoto njiani, ni chakula bora sana kwa mgonjwa huyu: ni laini, lina mafuta, na halihitaji kuni. Maharage yachujwe maganda kwanza.

Vya kungoja ni vile vikavu na vyenye nyuzi: nyama ya vipande, mkate mpya unaogeuka donge, mahindi ya kuchoma. Senene pia, ijapokuwa msimu wake ukifika ni vigumu kumnyima Mhaya. Na ile akamwani tunayomkaribishia mgeni aitafune? Akae nayo mkononi tu kwa sasa.

Milo 8 ni kazi, tusidanganyane. Mama mwenye kibanja, watoto wa shule na mgonjwa hawezi kuwasha moto mara 8. Pika mara 3, gawa katika vikombe vyenye vifuniko, uji ukae kwenye chupa ya chai, na mtoto mkubwa apewe zamu ya saa 4 na ya saa 10. Chakula chenye maziwa, samaki au yai kisikae nje ya joto kwa muda mrefu.

Maji yana saa yake

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni maji. Mgonjwa akinywa bilauri nzima wakati wa kula, nafasi imekwisha na chakula kinabaki. Akiacha kabisa kunywa, anakauka. Basi anywe kati ya mlo na mlo, nusu saa kabla au baada, kwa kumeza funda ndogo ndogo. Watu wazima wengi huhitaji lita 1 na nusu hadi 2 kwa siku, uji mwepesi, supu na maziwa vikihesabiwa humo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo apimiwe na daktari wake. Jaza chupa ya lita 1 maji yaliyochemshwa kila asubuhi na kuiweka karibu naye. Jioni, kilichobaki kitakuambia ukweli kuliko yeye atakavyokuambia.

Mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai ya rangi, mdomo ukikauka, akiona kizunguzungu anaposimama, maji yamepungua. Akiwa ameharisha au kutapika, ile dawa ya pakiti ya kuongeza maji tunayowapa watoto inamfaa na yeye, kwa kijiko, huku mkipanga kwenda kituo cha afya.

Wageni wetu wakija kumwona mgonjwa huleta soda, juisi na glukosi. Ni upendo, tushukuru, lakini tuviweke kabatini. Sukari nyingi ikipita haraka kwenye lile bomba huporomokea utumboni na kuvuta maji mengi. Ndani ya nusu saa mgonjwa hutoka jasho, moyo huenda mbio, tumbo hukata na kuhara. Wengine hupatwa baada ya saa 1 hadi 3, sukari ya damu inaposhuka, wakatetemeka kama wenye njaa kali. Wengi hudhani malaria imerudi.

Chai na uji vipoe kwanza. Mwaka 2016 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ulisema kuwa vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Hilo linatuhusu sisi sote mezani. Kwa mgonjwa, pombe ya rubisi, konyagi na sigara viondoke kabisa.

Akila, aketi wima, na asilale kwa saa moja au zaidi. Mlo wa mwisho uwe mapema jioni. Usiku kichwa na kifua viinuliwe. Matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani hufanya kazi vizuri kuliko mito inayoteleza. Bila hivyo chakula hurudi na kuingia mapafuni.

Wapo ambao upasuaji hauwezekani, wakawekewa bomba dogo la waya la kupanua njia, kazi ambayo Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imejulikana kwayo. Hao nao hula vilaini, hutafuna sana, na hunywa maji ya uvuguvugu baada ya kula ili bomba lisizibe.

Mpime uzito kila juma, kwa mizani ile ile, uandike. Akianza kukwama chakula ambacho juma lililopita kilipita, usingoje mpaka maji yenyewe yakwame: huenda kovu la mahali palipounganishwa limebana, na madaktari wanaweza kulipanua bila kumpasua tena. Homa, maumivu ya kifua, kikohozi kila anapokunywa, kinyesi cheusi, au kushindwa kumeza mate, ni safari ya siku hiyo hiyo, Hospitali ya Mkoa hapa Bukoba, au Ndolage na Rubya kwa walio Muleba. Umuulize daktari pia kuhusu vitamini B12 na madini ya chuma, kwani tumbo lililobadilishwa huweza kuvikosa kadiri muda unavyopita.

Na siku ya kurudi Bugando, Mwanza, kuonana na daktari, basi hupita Biharamulo na Geita, na tangu mwaka 2025 huvuka kwa daraja la Kigongo–Busisi badala ya kungoja kivuko. Bado ni safari ndefu. Chukua chupa ya uji, chupa ya maji, kikombe kidogo, parachichi mbili, kijiko, lile daftari la uzito, na barua ya hospitali. Mkatie kiti cha mbele, na saa yake ya kula ikifika, ale, hata kama basi zima linamtazama.