Leseni ya Kulala na Leseni ya Kusimama

Je, wajua kwamba nchini Marekani kijana wa miaka 20 na mwenzake wa miaka 22 hawabebi leseni ya udereva ya sura moja? Ukubwa ni ule ule wa kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 54. Lakini ya yule wa 22 husomwa ikiwa imelala, na ya yule wa 20 husomwa ikiwa imesimama wima, picha juu na maandishi chini yake. Karibu majimbo yote yanafuata mpango huu, na hauna uhusiano wowote na usukani wala breki. Umewekwa kwa ajili ya baunsa.

Mfikirie baunsa huyo. Ni saa 5 usiku, foleni mbele, muziki nyuma, tochi mkononi. Anachotaka kujua ni kimoja tu: huyu ametimiza 21, umri wa kuruhusiwa kununua pombe, au bado? Kumwambia apige hesabu ya kutoa kwa kila anayefika mlangoni ni kumtafutia makosa, na ndiyo maana maduka mengi ya pombe hubandika kaunta tarehe ya mwisho ambayo mteja anatakiwa awe amezaliwa. Kadi ikitolewa mfukoni ikiwa ya kusimama, ameshaonywa kabla hajasoma hata jina. Halafu ipo mistari, mara nyingi yenye rangi nyekundu, inayotaja siku hasa ambayo mwenye kadi atatimiza 21. Akishaitimiza, kadi yake haigeuki. Anaendelea kutembea nayo mpaka siku ya kuibadilisha, na wapo wenye baa wanaomkatalia hata hivyo ili wasijiingize matatani.

Kwetu jambo hili linaweza kushangaza. Kenya na Tanzania, kitambulisho cha taifa hutolewa mtu akifika miaka 18, umri ule ule wa kuruhusiwa kununua bia, kwa hiyo kuwa nacho tu ni jibu tosha. Marekani haina kitambulisho cha taifa. Kazi hiyo imeiangukia leseni ya udereva, na asiyeendesha gari huenda ofisi ile ile ya leseni akapewa kadi inayofanana nayo, isiyomruhusu kuendesha. Tatizo ni kwamba majimbo mengi hutoa leseni kuanzia miaka 16. Kwa miaka mitano, basi, kijana anatembea na hati halali ya serikali ambayo mlango wa baa unapaswa kuikataa.

Leseni zenyewe hazikuanza na mawazo hayo. Massachusetts na Missouri zilianza kuzidai mwaka 1903, na South Dakota ilivuta miguu hadi 1954. Kwa miongo mingi ilikuwa karatasi isiyo na picha. California ilianza kuweka picha mwaka 1958. Karatasi isiyo na picha ilimtosha askari wa barabarani, lakini kaunta ya baa haikuweza kujua kama aliyeishika ndiye mwenyewe.

Umri wa 21 nao uliletwa na barabara. Mapema miaka ya 1970, baada ya umri wa kupiga kura kushushwa hadi 18, majimbo mengi yalishusha pia umri wa kunywa. Lakini kila jimbo lilikuwa na umri wake, basi vijana wakawa wanavuka mpaka kwa gari kwenda kunywa jimbo jirani, kisha wanarudi nyumbani usiku wakiwa wamelewa. Ajali za mipakani ziliwapa hoja akina mama wa MADD, chama kilichoanzishwa mwaka 1980 na Candy Lightner baada ya binti yake kuuawa na dereva mlevi. Mwaka 1984 Rais Reagan alitia saini sheria ya ajabu kidogo: haikumkataza mtu yeyote kunywa. Ilisema tu kwamba jimbo litakalowauzia pombe walio chini ya miaka 21 litakatwa hadi asilimia 10 ya fedha zake za barabara kuu. South Dakota, ambako kijana wa miaka 19 aliruhusiwa kununua bia hafifu, ilikwenda mahakamani na kushindwa kwa kura 7 kwa 2 mwaka 1987. Mwaka uliofuata Wyoming ikasalimu amri, ikiwa ya mwisho.

Tangu hapo wanafunzi wa vyuo wamekuwa wakitafuta vitambulisho feki, na watengenezaji wa kadi wakijitahidi kuwatangulia. Kadi za zamani zilikuwa karatasi iliyofunikwa kwa plastiki: ukiwa na wembe na mkono usiotetemeka, picha inabadilishwa au 8 inageuzwa 3. Nyingi za sasa ni za polikaboneti, tabaka kadhaa zilizogandamizwa kwa joto, bila gundi, zikawa mwili mmoja. Leza huunguza tabaka la ndani na kuacha maandishi meusi humo humo, hivyo anayetaka kukwangua tarehe lazima aiharibu kadi. Pitisha kidole gumba juu ya tarehe ya kuzaliwa. Kwenye kadi za majimbo mengi utahisi tarakimu zimeinuka. Imulike kwa taa ya urujuanimno na picha ya pili itajitokeza. Baunsa mzoefu huyajua haya, na wengi hukikunja kidogo kitambulisho kabla hata ya kukitazama.

Sehemu ninayoiona dhaifu kuliko zote iko nyuma ya kadi: ule mstatili wenye vijistari vyeusi. Ni msimbo pau uitwao PDF417, uliobuniwa na kampuni ya Symbol Technologies mwaka 1991. Jina lake ni maelezo yake, kwani kila alama ina mistari 4 na nafasi 4 ndani ya upana wa vipimo 17. Umebeba jina kamili, anwani ya nyumbani, urefu, rangi ya macho. Ndani yake kuna herufi DBB zikifuatwa na tarakimu nane, tuseme 03142006, yaani 14 Machi 2006, kwa sababu Wamarekani huanza na mwezi. Hakuna kilichofichwa. Programu ya bure ya simu inausoma wote, na kwa hiyo mghushi naye anaweza kuuandika. Mashine ya mlangoni ikitoa taa ya kijani, imethibitisha tu kwamba data imepangwa inavyotakiwa.

Tena mashine hiyo haijui lolote kuhusu kaka mkubwa. Kitambulisho cha kuazima ni halali, leza halali, msimbo halali. Kasoro ni uso tu. Hapo inabidi jicho la mtu, likitazama masikio na kidevu, kwa kuwa nywele hubadilika kila wiki. Na msichana anayeingia kunywa bia moja ameacha anwani yake kwenye kompyuta ya baa, jambo lililoyafanya majimbo kadhaa kutunga sheria za kuzuia data hiyo isihifadhiwe ovyo.

Leseni ya simu ndiyo inayojaribu kuliondoa tatizo hilo. Louisiana ilianza na programu yake mwaka 2018, na Machi 2022 Arizona ikawa jimbo la kwanza kuiweka kwenye pochi ya iPhone. Kanuni ya kimataifa ya leseni hizi, iliyotoka mwaka 2021, ina kipengele kinachosimama peke yake: je, ametimiza miaka 21? Kifaa cha baa huuliza hilo tu, mwenye simu huridhia, na simu hujibu ndiyo au hapana. Jina halitoki, anwani haitoki, hata tarehe ya kuzaliwa haitoki. Jibu lina sahihi ya kidijitali inayotokana na ofisi iliyotoa leseni, kwa hiyo mghushi akichora skrini nzuri namna gani, kifaa hakitaipokea. Ila kifaa chenyewe lazima kiwepo mlangoni, na baa nyingi bado hazina, kwa hiyo ofisi za leseni zinaendelea kuwashauri wateja watembee na kadi ya plastiki mfukoni.